Tusiharakishe Kung'arisha: Juu ya Fremu za Zamani za Dhahabu

Mazungumzo ya kikundi cha mafundi wa mbao kwa vikundi vya kujisaidia vya Meru na Embu

  

Mlituambia tuje tuwafundishe kurekebisha fremu za zamani, zile za dhahabu zinazozunguka picha takatifu kanisani na picha za wazazi wetu nyumbani. Tumekuja. Lakini kabla hatujafungua sanduku la vyombo tutawaeleza jinsi tulivyoharibu kazi. Ni aibu kidogo, lakini tulikubaliana kikundini kwamba yasemwe, kwa sababu wengine wenu mmekuja na vikopo vya rangi ya dhahabu ndani ya mifuko. Tumeviona pale mlangoni. Viacheni hapo mifukoni kwanza.

Ilikuwa hivi. Parokia moja, ambayo hatutaitaja, ilitupa kazi ya kutengeneza fremu 14 za Njia ya Msalaba. Zilikuwa nyeusi kwa moshi wa mishumaa na vumbi la miaka mingi. Kona zimeachana, maua ya nakshi yamevunjika, na mbili zimeliwa na mchwa upande wa chini. Sisi tulikuwa mafundi wa vitanda, milango na viti. Tukasema, fremu ni nini? Ni mbao nne na misumari. Tukapatana bei, tukapewa malipo ya kwanza, tukaanza.

Tulianza na maji ya vuguvugu, sabuni ya unga na kitambaa. Kwenye fremu tatu za kwanza uchafu ulitoka vizuri, tukafurahi. Fremu ya nne tuliyoshika ilikuwa ya kituo cha sita, pale Veronika anapopanguza uso wa Yesu. Tukapanguza na sisi. Kitambaa kikawa cheusi, halafu kikawa chekundu, halafu tukaona inang'aa kwenye kitambaa badala ya kwenye fremu. Dhahabu ilikuwa imetoka. Chini yake kulibaki udongo mwekundu, na tulipoendelea kusugua, kwa sababu tulidhani huo udongo ni uchafu, tukafika kwenye kitu cheupe kama chaki ambacho nacho kilianza kulainika na kutoka kama uji.

Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama. Sisi tulienda dukani tukanunua rangi ya dhahabu ya kopo. Tukapaka ile ya sita, halafu tukaona haifanani na zile nyingine, basi tukapaka zote 14 ili zifanane. Siku ya kuzirudisha ziling'aa mpaka watu wakapiga makofi. Vile vipande vya maua vilivyovunjika, ambavyo katekista alikuwa ameviweka kwenye bahasha miaka mingi, tulivifagia pamoja na vumbi la mbao tukatia motoni.

Baada ya misimu michache ya mvua zile fremu zilianza kubadilika. Zikawa za kahawia, na mahali pengine kijani kibichi kwenye kona. Katekista, mzee wa watu, hakutugombeza. Alikuja kwenye karakana akakaa kwenye benchi, akauliza tu: "Vijana, ile dhahabu ya zamani ilikaa tangu mimi ni mtoto wa komunyo ya kwanza. Hii yenu imekuwaje?" Hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata baadaye kwa mtawa mmoja mzee, aliyekuwa amejifunza kazi hii kwao Italia kabla ya kuingia utawani. Mengi tutakayowaambia leo tuliyapata kwake, na mengine kwa kujaribu vipande vya fremu zilizokufa kabisa.

Sasa sikilizeni vizuri jinsi fremu ya namna hii inavyotengenezwa, kwa sababu ukishajua ndani kuna nini huwezi tena kuichukulia kama mlango.

Kwanza kuna mbao. Juu ya mbao fundi alipaka gundi ya ngozi, halafu tabaka baada ya tabaka la chaki iliyosagwa na kuchanganywa na gundi hiyo hiyo. Akalilainisha kwa msasa mpaka likawa kama ganda la yai. Juu yake akapaka udongo laini sana, mara nyingi mwekundu, nao umechanganywa na gundi. Mwisho akalowesha udongo ule kwa maji, akalaza juu yake utando wa dhahabu halisi iliyopigwa kwa nyundo mpaka ikawa nyembamba ajabu. Tando 10,000 za namna hiyo ukizipanga moja juu ya nyingine zinakuwa kama milimita moja tu. Ukiushika kwa vidole unapotea. Unachukuliwa kwa brashi bapa na unalazwa kwa pumzi. Ikikauka, sehemu za kung'aa zinasuguliwa kwa jiwe la akiki. Zamani mafundi wa Ulaya walitumia hata jino la mbwa.

Mmesikia ni nini kinachoshikilia hiyo dhahabu? Ni gundi inayoyeyuka kwa maji. Kwa hiyo sisi na maji yetu ya vuguvugu na sabuni tulikuwa tunafungua kazi yote, tabaka kwa tabaka, kama mtu anayevua mtoto nguo.

Kuna njia ya pili, ambapo dhahabu inagandishwa kwa mafuta badala ya maji. Hiyo haing'ai sana lakini inavumilia unyevu zaidi. Fremu moja inaweza kuwa na njia zote mbili, huku ya mafuta na kule ya maji. Ndiyo maana zile tatu za kwanza zilitudanganya. Tena si kila nakshi ni mbao iliyochongwa. Nyingi ni mchanganyiko wa chaki, gundi, mafuta ya kitani na utomvu, uliokandamizwa kwenye kalibu ukiwa moto halafu ukabandikwa. Huo ukizeeka unakauka na kupasuka, na vipande vinaruka ukigonga msumari karibu.

Na ile rangi ya kopo? Haina dhahabu hata kidogo. Ni unga wa shaba na zinki ndani ya vanishi. Shaba ikikutana na hewa na unyevu inabadilika. Mnakumbuka senti kumi za zamani, jinsi zilivyokuwa za manjano zikiwa mpya na kuwa kahawia mfukoni? Ni hivyo hivyo. Dhahabu halisi haifanyi hivyo. Inaweza kuchakaa na kuisha mahali inaposhikwashikwa, lakini haigeuki rangi.

Hapa tuseme jambo lingine, maana kila tunapotaja dhahabu halisi tunaona macho yanafunguka. Kuna mtu mmoja aliyekwangua fremu ya nyanya yake kwa wembe akitafuta dhahabu ya kuuza. Tupige hesabu pamoja. Fremu ya ukubwa wa kituo cha Njia ya Msalaba inatumia labda tando 30. Dhahabu yake yote haifiki nusu gramu, na ukiikwangua unapata chaki iliyochanganyika na vumbi. Thamani ya fremu haiko kwenye uzito. Iko kwenye ile kazi ya mikono, na kwenye kwamba ni ileile.

Maana fremu hizi zilikuja na historia yetu. Wamisionari wa Consolata wa kwanza walifika Kenya mwaka 1902 kutoka Torino, Italia, na huku kwetu Meru walifika 1911. Meru ikawa Jimbo mwaka 1953, na Jimbo la Embu likatolewa humo mwaka 1986. Picha ya Bikira Maria Consolata, Njia ya Msalaba, Moyo Mtakatifu, picha hizo ndizo wazee wetu walizotazama wakijifunza katekisimu kabla wengi wao hawajajua kusoma. Wenzetu wa Kigari (1910), Kaaga (1912) na Chogoria (1922) hawakuweka sanamu nyingi ukutani, hilo tunalijua, msitukumbushe. Lakini wao wana picha za shule za kwanza, za wauguzi, za wachungaji, nazo zimo ndani ya fremu za namna hiyo hiyo. Na tangu Padre Giuseppe Allamano, mwanzilishi wa Consolata, alipotangazwa mtakatifu mwezi wa Oktoba 2024, sisi tumeletewa picha za zamani zaidi ya tulivyozoea. Watu wanazitoa darini, wanataka zirudi ukutani haraka, ziking'aa.

Basi tuingie kwenye kazi.

Fremu ikiletwa, usiiguse kwanza. Ilaze mezani juu ya blanketi, uso ukitazama juu. Chukua simu yako uipige picha, mbele, nyuma, kila kona, na kila mahali palipovunjika. Picha hizo mtumie mwenye fremu siku hiyo hiyo. Sisi hatukuwa na picha yoyote ya zile 14 kabla ya kuzipaka, na mpaka leo tunabishana wenyewe kwa wenyewe zilikuwaje. Halafu tazama nyuma. Kama kuna karatasi ya zamani, kibandiko cha duka, maandishi ya penseli, usivitupe. Hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa ya fremu.

Kila kipande kilichoanguka, hata kama ni kidogo kama punje ya mchele, kiweke kwenye bahasha, andika kimetoka upande gani. Kipande cha zamani ambacho ni kibaya ni bora kuliko kipya kizuri, kwa sababu kitaingia mahali pake na hakuna atakayejua.

Kusafisha kunaanza bila maji. Nunua brashi ya kunyolea ndevu, mpya, ile ya manyoya laini. Kwanza tazama kwa tochi kutoka ubavuni kama kuna mahali rangi imeinuka kama magamba. Pakiwa na magamba, usipite hapo. Kwingine fagia vumbi polepole kutoka juu kwenda chini. Kwa fremu nyingi za nyumbani hiyo peke yake inatosha, msicheke, inatosha. Mtu anaona nakshi aliyokuwa haioni na anaridhika.

Kama masizi ya kuni yameganda, hapo ndipo tunajaribu. Tafuta mahali pasipoonekana, ukingo wa chini. Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe kidogo kwa maji safi, kifinye kikauke karibu kabisa, ukizungushe mara moja tu, usisugue. Tazama pamba. Ikiwa ya kijivu au nyeusi ni moshi. Ikiwa na mng'ao au wekundu, simama hapo hapo; hiyo ni dhahabu ya maji, na maji yasiikaribie tena. Kwa hiyo unaweza kujaribu ile spiriti nyeupe ya kuchanganyia rangi ya mafuta, kwa namna hiyo hiyo ya kijiti, mahali pengine palipojificha, ukitazama pamba tena. Lakini ile ya mafuta inaweza kuharibiwa na spiriti. Kwa hiyo hakuna dawa moja ya fremu zote. Kila fremu inajaribiwa, na kila sehemu ya fremu. Petroli hapana, itawaunguza. Spiriti ya hospitali hapana, inayeyusha vanishi za zamani.

Macho pia yanasaidia. Dhahabu ya maji mara nyingi ina sehemu zinazong'aa kama kioo, na kwenye migongo ya nakshi iliyochakaa unaona wekundu. Ukitazama kwa makini utaona mistari hafifu ya maungio kila sentimita saba au nane, maana tando huwa za ukubwa huo. Rangi ya kopo haina mistari. Ina chembechembe, na imejaa kwenye mabonde ya nakshi kama samli iliyoganda.

Kona zilizoachana ni kazi ya useremala, na hapo ninyi mafundi mtafurahi, lakini acheni misumari mipya. Msumari unapasua mbao kavu na unarusha nakshi. Safisha gundi ya zamani kwenye maungio, jaribu kona zikutane zikiwa kavu, kisha gundi, halafu zifunge kwa kamba kuzunguka fremu yote, ukiweka vipande vya katoni kwenye pembe ili kamba isikate dhahabu.

Gundi gani? Najua mtasema Ponal, na kwa kiti kipya ni nzuri. Lakini gundi nyeupe ikishakauka haifunguki bila vita. Gundi ya ngozi inafunguka kwa joto na unyevu, kwa hiyo atakayekuja baada yako, hata kama ni mjukuu wako, anaweza kusahihisha kosa lako. Kama hamuipati, gelatini isiyo na ladha wala rangi, ile ya dukani ya kupikia, ni ndugu yake. Iloweke kwenye maji baridi mpaka ivimbe, kisha weka kile chombo ndani ya sufuria ya maji moto. Isichemke, ikichemka inapoteza nguvu. Kwa kulaza magamba yaliyoinuka tunatumia nyepesi, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji, tunaipitisha chini ya gamba kwa brashi ndogo kabisa, tunakandamiza polepole juu ya kipande cha nailoni. Angalia isidondoke juu ya dhahabu, maana nayo ni maji. Kwa maungio ya mbao tunaitengeneza nzito zaidi.

Mwenzetu mmoja anauliza kama mende hawataila. Wanaila. Ndiyo maana fremu haikai jikoni.

Ua lililopotea kabisa linaweza kutengenezwa kama kuna lingine linalofanana upande wa pili, nalo ni zima na limeshika imara. Lipake poda ya mtoto kidogo sana, kisha likandamize kwa ule udongo wa kuchezea watoto wa nasari, wa mafuta, sio udongo wa mfinyanzi kwa sababu huo una maji. Uutoe taratibu. Umepata kalibu. Mimina jipsamu ile ya dari, ikauke kabisa, ipunguze kwa kisu mpaka ikae mahali pake, uibandike. Udongo ukikataa kutoka, usivute kwa nguvu. Tumewahi kupata maua mawili yaliyovunjika badala ya moja.

Na kipande hicho cheupe tunakipaka nini? Tunakipaka rangi ya maji ya kuchorea, ile ya wanafunzi, tukichanganya manjano, kahawia na wekundu kidogo mpaka mtu akisimama hatua tatu asikione. Akikaribia atakiona, na ni sawa aone. Rangi hiyo inafutika kwa kijiti kibichi siku yoyote, mradi tuipake juu ya kipande kipya peke yake.

Sasa juu ya picha yenyewe. Mama mmoja alituletea fremu yenye picha ya baba na mama yake, picha pekee aliyo nayo ya wote wawili pamoja. Fremu ilikuwa na kazi ya siku moja. Lakini tulipoigeuza tuliona picha imegandana na kioo kwa unyevu, nusu ya uso wa mama yake. Yeye akasema, "Itoeni tu, wanangu, kioo kimepasuka." Tulikataa. Alikasirika, akasema ametoka mbali na amelipa nauli. Tukamwambia, mama, tukivuta, uso utabaki kwenye kioo. Picha ya namna hiyo ina tabaka la gelatini, ndiyo gundi ile ile, na ikishika kioo imeshika. Tuliipiga picha kwa simu mara nyingi, mchana, kivulini, tukampelekea mjukuu wake akaichapishe. Kile kioo kilichopasuka tukakibandika kwa nyuma penye nafasi, tukaweka kingine kizima juu yake, tukatenganisha kwa vipande vyembamba vya katoni ili visigusane. Alilipa kazi ya fremu tu. Hatukupata faida siku hiyo.

Tangu hapo fremu yoyote tunayofunga tunaweka nafasi kati ya kioo na picha, milimita mbili tatu. Kazi ya dakika tano.

Juu ya pesa tuseme kifupi. Kazi hii haiwezi kupatanwa kwa kutazama ukubwa. Sisi sasa tunaandika saa. Tunafanya jaribio la kusafisha sehemu ndogo, tunahesabu muda, ndipo tunataja bei, na mweka hazina anaandika makubaliano ambayo pande mbili zinatia sahihi: tutafanya nini, hatutafanya nini, vipande vyote ni vya mwenye fremu. Kosa letu kwa ile parokia lilitugharimu. Tulirudisha malipo yote, na ilibidi tutoe kwenye mzunguko wetu wa kila mwezi. Wanachama wawili walitoka kwa sababu hiyo, na hawajarudi. Hatuwalaumu sana, walikuwa wakingoja zamu yao walipe karo.

Halafu kuna mabroka. Mtu anakuja na pikapu, anasema ananunua vitu vya zamani, anampa mzee pesa kidogo kwa fremu na kumwachia picha ndani ya gazeti. Msitegemee sheria peke yake. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu vitu vya kale kuwa vile vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na fremu zetu nyingi zilikuja baada ya hapo. Kinachosaidia ni daftari. Kila kanisa, kila kikundi, liandike fremu zake, urefu, upana, picha gani, iko ukutani gani, na liweke picha ya simu. Kamati ikibadilika, daftari linasomwa kwa sauti. Mkiwa na kitu mnachoona kinazidi nguvu zenu, kaulizeni ushauri kwenye Makavazi ya Meru kabla ya kukigusa.

Na ukutani, tafadhali. Waya wa zamani una kutu, ubadilisheni. Msitundike juu ya mahali pa moto, wala jua linapopiga, wala kwenye ukuta unaotoa jasho wakati wa mvua. Gundisheni vipande viwili vya mbao nyuma ya ukingo wa chini ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Mchwa hupenda kupanda nyuma pale msipotazama. Tazameni kila mwanzo wa mvua.

Mtauliza zile fremu 14 ziko wapi. Parokia ilikubali tuzichukue tena, bila malipo. Rangi ya kopo inatoka kwa tina, kijiti kwa kijiti, nje penye hewa, tukivaa glavu na bila moto karibu. Dhahabu ya maji iliyo chini haidhuriki na tina, hiyo ndiyo bahati yetu, ila ile ya mafuta tunapita mbali. Kijiti kimoja kinasafisha mahali kama ukucha wa kidole gumba. Nane ziko tayari, zimerudi ukutani, na zinaonekana za zamani, zimechakaa, watu wengine wameuliza kwa nini hazing'ai. Tano zinaendelea. Ile ya Veronika tumetoa rangi yote, na chini yake hakuna dhahabu kwenye upande mzima wa kushoto, ni chaki tupu. Tumeiziba, tumeipaka rangi ya maji. Mtawa yule alisema kitabu cha tando 25 za dhahabu kingesaidia sehemu kubwa, lakini hakuna kati yetu aliyewahi kulaza utando hata mmoja, na hatutajifunzia hapo. Tutajifunzia kwanza kwenye mbao za muringa tulizozipaka chaki sisi wenyewe.

Katekista anakuja karakana kila Ijumaa kuangalia. Analeta chai.

Wanaotaka kuanza waje kwetu Jumamosi ijayo, watu wawili kutoka kila kikundi, ikiwezekana mmoja awe mwenye macho mazuri. Mje na brashi ya kunyolea ambayo haijanyoa mtu, pamba, bahasha tupu, na fremu moja ambayo hakuna anayeililia. Vile vikopo vya mlangoni, kama duka halivirudishi, pakeni geti.